Jembe, Kitabu na Wito

Swali la namna chuo kinavyomwandaa mwanafunzi kwa kazi si geni katika nchi yetu. Mnamo Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha "Elimu ya Kujitegemea". Humo alieleza kwamba asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari; asilimia 87 walimaliza wakijiona wameshindwa. Hakupendekeza kilimo kiongezwe pembeni mwa masomo, bali shamba lenyewe liwe darasa, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua.

Novemba 1974 Azimio la Musoma liliendelea mbele, likitaka aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya mchelewaji. Mtihani ulibaki wa kitabu, na mwanafunzi ni mwepesi kutambua kinachothaminiwa.

Hapa Dodoma fundisho hilo lina uzito wa pekee. Mwaka 2007 vilianza Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana cha ndugu zetu Waanglikana, hiki cha pili katika majengo yaliyokuwa ya Sekondari ya Mazengo. Vijana wengi huhitimu wakitazamia ofisi za makao makuu, ilhali watu wa nyanda hizi huishi kwa uwele, mtama, zabibu na ng'ombe. Somo la ujasiriamali lisilogusa mtihani wala maisha ya bweni litapatwa na yaliyolipata jembe.

Nasi wa vyuo vya theolojia tusijitoe. Luther alifundisha kwamba mhunzi, fundi viatu na mkulima nao wana wito wa kuwatumikia wenzao. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, wala utume wake haukupungua. Mchungaji atumwaye Ugogo mwaka wa ukame hana budi kujua hesabu za usharika na akiba ya nafaka. Basi uwakili na kazi za mikono viingie ndani ya theolojia ya kichungaji, vitahiniwe, na mwalimu ashike jembe pamoja na mwanafunzi. Kazi ambayo mwalimu anaikwepa, mwanafunzi hataiheshimu.