Reli ya mashariki: inaomba nini ili treni ya wasafiri ifike muji mupya?

Kila mara habari ya reli inatoka kwenye redio, swali moja linarudi katika miji ya mashariki ya inchi: treni itafika kwetu lini? Swali hilo ni la haki. Fasi yenye treni inapita, gunia la muhogo linapata bei ingine, mugonjwa anaweza kufika hospitali kubwa, na mwanafunzi anasafiri bila kulala siku nyingi juu ya kamyo. Lakini reli kufika muji ni jambo moja, na treni ya wasafiri kufika ni jambo lingine. Habari hii inaeleza namna reli ilifika Kindu na Kalemie, juu ya nini treni inachelewa ao inakosa kabisa, na maswali gani wakaaji wanaweza kuuliza wakati wanaahidiwa reli mupya.

Reli ilianza kwa vipande

Reli ya mashariki haikujengwa kama njia moja. Muto Lualaba unapitika kwa mashua sehemu fulani, kisha mawe na maporomoko yanafunga njia. Kampuni ya CFL, yenye ilianzishwa mwaka 1902 na tajiri Mubelgiji Edouard Empain, iliweka reli pale tu mashua zilishindwa kupita.

Kipande cha kwanza kilikuwa Kisangani–Ubundu, karibu kilometa 125, kwa kuepuka maporomoko ya Boyoma. Kilifunguliwa mwaka 1906. Cha pili kilikuwa Kindu–Kongolo, kilometa 355, na kilimalizika mwisho wa mwaka 1910. Cha tatu kilitoka Kabalo kufuata bonde la muto Lukuga, kilometa 273, na kilifika kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wakati ule Kisangani iliitwa Stanleyville, Ubundu iliitwa Ponthierville, na Kalemie iliitwa Albertville.

Kwa hiyo mutu mwenye alitoka Kisangani kwenda Kalemie alipanda na kushuka mara tano: treni mupaka Ubundu, mashua mupaka Kindu, treni mupaka Kongolo, mashua tena mupaka Kabalo, kisha treni mupaka kwenye ziwa. Mizigo ilibebwa na kuteremushwa kila fasi, na mingine iliharibika ao kupotea njiani.

Mwaka 1939 kipande cha Kongolo–Kabalo kilimalizika, pamoja na daraja kubwa la Kongolo juu ya Lualaba. Hapo Kindu na Kalemie zikaunganishwa kwa reli. Lakini Lubumbashi ilikuwa bado mbali. Reli ya Katanga, yenye iliingia Lubumbashi mwaka 1910 kutoka upande wa Sakania, ilifika Bukama mwaka 1918, kisha ikaelekea Kasai mupaka Ilebo, mwaka 1928. Ni mwaka 1956 tu reli ya Kamina–Kabalo ilifunguliwa na kuunganisha pande mbili. Kutoka treni ya kwanza ya Kindu mupaka siku Kindu iliunganishwa na Lubumbashi, ilipita zaidi ya miaka 45. Tena kuna kipande chenye hakikujengwa hata leo: kati ya Kindu na Ubundu, zaidi ya kilometa 300, njia ni ya muto.

Upana wa reli: kitu kidogo chenye kinafunga njia kubwa

Wengi wanafikiri kwamba reli yote ni sawasawa. Sivyo. Reli ya CFL ilikuwa na upana wa milimeta 1000. Reli ya Katanga ina milimeta 1067, sawa na ile ya Zambia na Afrika ya Kusini. Tofauti ni milimeta 67 tu, haifike hata upana wa kiganja cha mukono. Lakini wagoni haiwezi kupita. Ni juu ya hiyo, mbele ya kuunganisha Kamina na Kabalo, CFL ililazimika kupanua reli zake za Kindu na Kalemie na kugeuza magurudumu ya mashini na ya wagoni.

Ngambo ya ziwa, mambo ni tofauti tena. Reli ya zamani ya Tanzania, yenye ilifika Kigoma mwaka 1914, ina milimeta 1000. Reli mupya ya umeme yenye inchi hiyo inajenga ina milimeta 1435. Maana yake, hata kama kungekuwa daraja kutoka Kigoma mupaka Kalemie, wagoni ya Tanzania haiwezi kutembea juu ya reli ya Kongo. Muzigo unateremushwa Kigoma, unapandishwa ndani ya mashua, unateremushwa tena Kalemie. Kila mara muzigo unateremushwa, bei inapanda, na mwenye kulipa mwishoni ni mama mwenye ananunua sabuni ao chumvi kwenye soko.

Reli iko, lakini treni iko wapi?

Reli za Katanga, Tanganyika, Maniema na Kasai ziko leo chini ya SNCC, shirika la serikali lenye makao yake Lubumbashi. Kutoka Lubumbashi mupaka Kindu ni karibu kilometa 1500, kwa kupitia Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Kabongo, Kabalo, Kongolo na Kibombo. Kwenda Kalemie, treni inageukia Kabalo na kupita Nyunzu na Niemba.

Sababu za treni kuchelewa ni nyingi, lakini zinashikana.

Ya kwanza ni njia yenyewe. Chini ya reli kuna traverse, ni kusema miti ao vyuma vyenye vinashikilia reli mbili zisiachane. Vikioza ao vikiibwa, reli inafunguka na treni inaanguka. Fasi zenye njia imechoka, mashinisti analazimika kwenda polepole sana. Safari yenye ingeweza kuchukua siku mbili inageuka juma ao zaidi.

Ya pili ni kwamba njia ni moja. Treni mbili zikikutana, moja inangojea kwenye gare. Treni moja ikianguka porini, zote zenye ziko nyuma zinasimama mupaka vyuma viondolewe.

Ya tatu ni mashini na wagoni. Lokomotiva ya zamani inaomba vipuli vyenye vinatoka mbali, na mazutu yenye inalipwa mbele ya safari kuanza.

Ya ine ni makuta. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Katika inchi nyingi za Afrika, tike za wasafiri peke yake hazitoshi kulipa matengenezo ya reli. Kinacholipa ni mizigo: madini, simenti, mafuta, mahindi. Lakini madini mengi ya Katanga yanatoka leo kwa kamyo kupitia barabara za Zambia. Reli inapopoteza mizigo, inapoteza nguvu ya kubeba watu. Mwaka 2010 Banki ya Dunia ilikubali kusaidia muradi mukubwa wa usafiri, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya kuinua SNCC. Msaada kama huo unaweza kununua reli na lokomotiva, lakini hauwezi kulipa mazutu na mishahara milele.

Ya tano ni vita. Vita yenye ilianza mwaka 1998 ilikata Kindu na Lubumbashi. Treni ilirudi Kindu mwaka 2004. Kwa muji wenye ulikuwa unategemea ndege na muto, miaka ile ilikuwa ya chumvi ya bei kali na dawa zenye hazifiki.

Treni ya wasafiri ikikosa, watu hawaache kusafiri. Wanapanda treni ya mizigo, juu ya wagoni, pamoja na watoto na magunia. Mwezi wa tatu mwaka 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba. Watu zaidi ya 60 walikufa, na wengi wao walikuwa wamepanda bila ruhusa. Ajali ile inaonyesha namna gani kukosa treni ya wasafiri inaweza kuwa jambo la uzima na kifo.

Mufano wa jirani: treni kufika Dodoma

Tanzania inatoa mufano wa karibuni wa namna treni ya wasafiri inasogezwa kutoka muji mumoja mupaka mwingine. Tarehe 14 mwezi wa sita 2024, treni ya umeme ilianza kubeba wasafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tarehe 25 mwezi wa saba, juma sita tu nyuma, ilisogezwa mupaka Dodoma. Safari yenye kwa basi inachukua karibu saa munane, kwa treni ya mbio inachukua saa tatu na nusu hivi.

Kwa nje ilionekana kama jambo la haraka. Lakini ujenzi wa kipande cha kwanza ulianza mwaka 2017. Mbele ya msafiri wa kwanza kupanda, treni zilijaribiwa, umeme ulifikishwa njia yote, na gare zilimalizika. Tena bei ilitangazwa wazi na mamlaka ya usafiri wa inchi kavu: shilingi 13.000 mupaka Morogoro na shilingi 31.000 mupaka Dodoma kwa daraja la kawaida. Musafiri alijua bei na saa mbele ya kufika kwenye gare.

Reli hiyo inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Mwanzo wa mwaka 2025, mukataba ulitiwa sahihi kwa kipande cha Uvinza, Tanzania, mupaka Musongati, Burundi, karibu kilometa 282. Musongati kuna nikeli, na hapo tunaona tena kwamba muzigo ndio unaita reli. Mupango mukubwa unasema reli itoke Burundi, iingie Kongo kupitia Uvira, na ifike Kindu.

Wakaaji wa Uvira, Fizi na Maniema wana haki ya kufurahia. Lakini wajue pia kwamba kati ya mupango na reli kuna ngazi nyingi: uchunguzi wa njia, makuta, mukataba, ujenzi, majaribio, na zaidi ya yote usalama. Kutoka Uvira kwenda Kindu kuna milima mirefu ya Itombwe na pori kubwa. Na Kindu kutakuwa swali la zamani: reli ya milimeta 1435 itakutana na ya milimeta 1067.

Maswali ya kuuliza

Wakati kiongozi ao kampuni inakuja kusema kwamba reli itapita kwenu, maswali haya yanasaidia kutofautisha kazi na maneno:

1. Je, mukataba umetiwa sahihi kwa kipande chenye kinapita hapa kwetu, ao ni kwa kipande kingine?
2. Nani analipa ujenzi, na nani atalipa matengenezo kisha miaka kumi?
3. Muzigo gani utapita? Kama hakuna muzigo, treni ya wasafiri itaishi kwa nini?
4. Treni ya wasafiri itapita mara ngapi kwa mwezi, na itasimama kwenye gare gani?
5. Mashamba na nyumba zenye ziko kwenye njia zitalipwa namna gani, na lini?

Swali la tano lina sheria nyuma yake. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kongo kinasema kwamba mutu hawezi kunyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na kisha kulipwa malipo ya haki, mbele ya kunyanganywa. Sheria ya tarehe 22 mwezi wa pili 1977 inaeleza namna ya kufuata. Kwa hiyo familia yenye shamba lake liko kwenye njia ya reli inapaswa kutunza makaratasi, kuhesabu miti na nyumba pamoja na mashahidi, na kutotia sahihi karatasi yenye haisomi.

Kuna jambo lingine lenye vijana wengi wa Uvira hawajue. Wakati wa wakoloni, kulikuwa reli ndogo kutoka Uvira kwenda Kamanyola, katika bonde la Ruzizi. Ilifungwa mbele ya uhuru. Kwa hiyo kama siku moja treni inaingia Uvira, muji huo hautakuwa unaona reli kwa mara ya kwanza. Reli inaweza kuja, na inaweza kuondoka. Yenye inabaki ni ile yenye kila mwaka inapata traverse mupya, mazutu, na muzigo wa kubeba.