Mto uliokauka na ugonjwa wa sukari

Juzi nilikwenda hospitali kumtazama mjomba wangu. Ni fundi seremala. Alikuja mjini akiwa kijana, na randa na msumeno wake begani, na leo ana karakana yenye mashine na vijana watano. Miaka miwili iliyopita alianza kuona kiu isiyokatika na kuamka mara nne kila usiku kwenda msalani. Mkewe akamsihi akapime sukari. Mjomba akacheka. "Hayo ni maradhi ya Wahindi na wakubwa wa ofisini," alisema. "Mimi fundi, sukari itanipatia wapi?"

Baadaye msumari ulimchoma unyayoni asisikie maumivu. Kidonda kilipogunduliwa kilikuwa kimekwisha kuoza. Mguu wake wa kulia umekatwa chini ya goti.

Kauli ya mjomba tumeisikia wengi wetu, vijiweni na hata maofisini, na haikuzuka hivi hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili wakiongozwa na Profesa Donald McLarty walipima maelfu ya watu katika vijiji vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu mmoja kwa kila watu wazima mia. Miaka hiyo hiyo walipimwa pia wakazi wa Dar es Salaam wenye asili ya Bara Hindi, na kiwango chao kikaonekana kuwa juu mara nyingi kuliko cha wanavijiji. Mtu akitazama hesabu hizo haraka haraka atasema: basi, ni ugonjwa wa damu fulani. Mwenye damu hiyo ajihadhari, na asiye nayo alale usingizi.

Je, ni kweli? Kwa muda kidogo tuiache Dar es Salaam twende Marekani, katika jimbo la Arizona. Nawapeleka huko kwa sababu ni watu wachache duniani waliochunguzwa kuhusu ugonjwa huu kwa muda mrefu kama Wapima, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Wao wenyewe hujiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mtoni.

Mto wenyewe ni Gila. Nchi ile ni jangwa, lakini tangu enzi za mababu wakazi wake walichimba mifereji, wakamwagilia mashamba ya mahindi, maharage na maboga, na baadaye ngano. Mwaka 1849 maelfu ya wazungu walipopita huko wakikimbilia dhahabu ya California, Wapima ndio waliowauzia chakula. Jeshi la Marekani nalo lilinunua ngano yao. Walikuwa wakulima hodari, wenye akiba ghalani.

Kisha wahamiaji wa kizungu wakajenga makazi upande wa juu wa mto, wakayachepusha maji kwenda kwenye mashamba yao. Kufikia miaka ya 1870 mifereji ya Wapima ilianza kukauka, na mwisho wa karne ile wakaingia katika njaa. Watu waliolisha jeshi wakawa wanapanga foleni ya mgawo wa serikali. Na mgawo wenyewe ulikuwa nini? Unga mweupe wa ngano, mafuta ya nguruwe na sukari. Bwawa la Coolidge lilizinduliwa mwaka 1930 kwa ahadi kwamba maji yatarudi, lakini yaliyowafikia hayakutosha. Mkulima akaweka jembe chini, akawa kibarua au akakaa bure.

Sasa angalia tarehe. Waliowachunguza Wapima mwanzoni mwa karne ya 20 hawakukuta kisukari kuwa tatizo kwao. Mwaka 1937 daktari bingwa wa ugonjwa huo, Elliott Joslin, alizunguka Arizona akahitimisha kwamba wenyeji wa asili hawakuwa tofauti sana na wananchi wengine. Mwaka 1965 wataalamu wa taasisi za afya za serikali ya Marekani wakaanza kuwapima Wapima mmoja mmoja. Walikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 35 na kuendelea, nusu walikuwa na kisukari. Nusu nzima! Kizazi kimoja tu kilikuwa kimepita tangu safari ya Joslin.

Wataalamu walitafuta maelezo. Mwaka 1962 Dk. James Neel alikuwa ametoa nadharia kwamba watu ambao mababu zao waliishi kwa msimu wa neema na msimu wa njaa walirithi mwili wenye tabia ya kuweka akiba. Ukipata chakula leo, unakihifadhi kama mafuta kwa ajili ya kesho. Neema isipokatika, akiba ile inageuka sumu. Nadharia hiyo ilipendwa mno, na Wapima wakafanywa mfano wake. Neel mwenyewe baadaye aliitilia shaka, na miongo ya kutafuta haijatoa jeni moja inayoeleza balaa la Gila.

Jibu zito zaidi lilitoka ng'ambo ya mpaka. Katika milima ya Sonora nchini Mexico, mahali paitwapo Maycoba, wanaishi Wapima wengine, ndugu wa wale wa Arizona kwa asili. Hao walibaki na mashamba yao, wakilima kwa mikono na kupanda milima kwa miguu. Matokeo ya uchunguzi yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba Wapima wa Maycoba wenye kisukari walikuwa asilimia 6.9. Wenzao wa Arizona walikuwa asilimia 38. Asili moja, nchi mbili, maisha mawili.

Hapa tusiteleze upande wa pili tukasema damu haina lake. Majirani wa Maycoba wasio Wapima walikuwa na asilimia 2.6 tu, kwa hiyo huenda urithi nao una sehemu yake. Lakini damu ya watu haiwezi kubadilika kati ya mwaka 1937 na 1965. Kilichobadilika ni chakula na kazi.

Na kuna jambo la tatu, ambalo wengi hawalijui. Huko Arizona wataalamu walilinganisha watoto wa mama mmoja na baba mmoja. Waliozaliwa baada ya mama kupata kisukari walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kuliko kaka na dada zao waliozaliwa kabla. Baba yule yule, mama yule yule, kilichotofautiana ni hali ya mama wakati wa mimba. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuonekana kama urithi wa kabila, kumbe mwendo wake mwingine umepitia tumboni mwa mama, kizazi hadi kizazi, tangu siku ile maji yalipochepushwa.

Turudi nyumbani na somo hilo. Ni kweli kwamba watu wenye asili ya Bara Hindi hupata kisukari mapema na wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kwa kuwa mafuta yao hukimbilia kujikusanya tumboni. Lakini hata Wahindu wa Dar es Salaam walipopimwa jumuiya moja moja, tofauti kati ya jumuiya na jumuiya zilikuwa kubwa. Tukisema "Wahindi" tunakuwa tumewatia watu wengi katika kapu moja. Tena wengi wao ni watu wa mjini tangu kwa babu: duka, kiti, mafuta ya kupikia, vitu vitamu. Kilichowatangulia kufika kwao kilikuwa njiani kuja kwetu sote.

Na kimekwisha fika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64. Rika zilizopimwa na taratibu za upimaji si zile za vijijini wakati wa McLarty, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu hizo kama mizani ya duka, lakini mwelekeo unaonekana. Wataalamu wengine waliwafuata vijana na watu wazima waliotoka vijiji vya Morogoro kuhamia Dar es Salaam. Katika mwaka mmoja tu, kazi za kutoa jasho zilipungua sana na uzito uliongezeka kwa kilo zaidi ya mbili. Hawakubadili kabila njiani. Walibadili anwani.

Ndiyo maana nasema kauli ya mjomba ni ya hatari. Kumwambia mtu kwamba ugonjwa ni wa kabila lake ni kumkatisha tamaa. Kumwambia kwamba si wa kabila lake ni kumfunga macho. Wapima walifanyiwa la kwanza, mjomba alijifanyia la pili.

Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia watu wa Gila sehemu kubwa ya haki yao ya maji. Maji hayarudishi miguu iliyokatwa wala macho yaliyopofuka, lakini mashamba yanaweza kulimwa tena. Nasi tunapopanga miji yetu tukumbuke hilo. Mtaa usio na njia ya watembea kwa miguu wala kiwanja cha watoto, ambako soda iko karibu kuliko maji safi, ni mto uliochepushwa kimya kimya.

Kwa leo, msomaji, lililo mikononi mwako ni dogo. Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kukonda bila sababu au kidonda kisichopona, kapime. Na kama umri umesogea, tumbo limetangulia au kwenu kuna mgonjwa, usingoje dalili. Ni tone moja la damu kidoleni, wala halimuulizi mtu kabila.

Mjomba amewaagiza vijana wake wote watano wakapime. Wawili wamekwisha kwenda.