Kalemie na Filamu ya "The African Queen"

Msomaji anayeifahamu filamu ya The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951, huenda asijue kwamba kisa chake kina asili katika vita vilivyopiganwa kutoka bandari ya Kalemie, ambayo enzi za Wabelgiji iliitwa Albertville. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi uteuzi wa waigizaji ulivyochangia kuiondoa bandari hiyo katika hadithi.

Yafaa kwanza tuikumbuke historia yenyewe. Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliolitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Waingereza wakasafirisha mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa kwa injini za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Wakongo walifyeka njia na kujenga madaraja. Wanawake walibeba mitungi ya maji ya kunywesha injini hizo. Tarehe 26 Desemba mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe huko Kigoma mwezi Julai; baadaye iliopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

C. S. Forester alichota humo riwaya yake ya mwaka 1935. Mwishoni mwa riwaya, chombo cha Allnut na Rose kinazama bila kutimiza kazi; meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua mbili za mota za Kiingereza. Kalemie haitajwi, lakini ipo.

Kampuni ya Warner Bros. iliwahi kuwafikiria Bette Davis na David Niven. Hatimaye mwongozaji John Huston na mtayarishaji Sam Spiegel waliwachukua Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Allnut wa Forester ni mtu wa mitaa ya London. Bogart hakuiweza lafudhi hiyo, basi Allnut akafanywa Mkanada. (Nyota habadilishwi, hubadilishwa mhusika.) Kwa maoni yetu, mwisho nao ulibadilishwa kwa mantiki hiyohiyo: katika filamu ni mabaki ya chombo cha wapenzi hao yanayoilipua meli, na zile mashua mbili hazionekani kabisa.

Hata picha hazikupigwa Ziwa Tanganyika. Zilipigwa kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, kisha Uganda, huko Butiaba na Murchison, na nyingine studioni Uingereza. Hepburn aliugua sana tumbo. Bogart na Huston walidai kuwa wiski ndiyo iliyowakinga. Mwaka 1952 Bogart alipata Oscar, ya pekee maishani mwake.

Waafrika, kwa upande wao, wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani, kisha kijiji chao kinachomwa moto. Baada ya hapo wamebaki askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Wabeba maji wa Mitumba hawakuwa na nafasi ya kuigizwa.