Picha ya Chumba cha Kulia

Katika siku za yubile wazee hufungua makasha na kuhesabu vitu walivyoachiwa. Lakini thamani ya kitu cha urithi hupimwaje? Na tutazame habari ya picha moja ya mapadre Wayesuiti wa Dublin, katika nchi ya Ayalandi.

Picha hiyo ilitundikwa miaka mingi katika chumba chao cha kulia. Yaonyesha Bwana wetu akikamatwa bustanini: Yuda amkumbatia, askari aliyevaa chuma amshika, na upande wa kulia mtu mmoja ainua taa apate kuona. Mapadre walipewa picha hiyo katika miaka ya 1930 na Marie Lea-Wilson, mganga wa watoto, ambaye mumewe aliuawa mwaka 1920. Ilikuwa shukrani yake, kwa kuwa walimfariji katika msiba ule. Ilisemwa kuwa kazi ya Mholanzi Gerard van Honthorst, wala hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka 1990 mapadre walitaka picha zao zisafishwe. Akaja Sergio Benedetti, fundi wa Jumba la Sanaa la Taifa. Alipoiona alishtuka moyoni, walakini hakutangaza neno, maana jicho peke yake si shahidi wa kutosha. Akatafuta mashahidi wengine wawili.

Shahidi wa kwanza ni picha yenyewe. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba sikio la Yuda lilichorwa kwanza mahali pengine, kisha likahamishwa. Anayenakili hana haja ya kubadili, kwani mfano uko mbele yake. Abadiliye ni yule abuniye.

Shahidi wa pili ni daftari. Wanafunzi wawili wa Roma, Francesca Cappelletti na Laura Testa, walikuwa wamekwisha kusoma hesabu za ukoo wa Mattei huko Recanati. Humo mliandikwa ya kuwa Ciriaco Mattei alimlipa Caravaggio skudi 125 mwezi wa Januari 1603, kwa picha ya kukamatwa kwa Kristo. Mwaka 1802 ukoo huo uliiuza kwa Mskoti William Hamilton Nisbet, jina la mchoraji likiwa limekwisha kukosewa. Kosa likasafiri pamoja na picha karibu miaka mia mbili.

Basi ikathibitika kuwa kazi ya Caravaggio mwenyewe, iliyodhaniwa kupotea. Mapadre wangaliweza kuiuza kwa fedha nyingi. Hawakuiuza, mwaka 1993 iliwekwa katika Jumba la Taifa, nayo ikabaki mali yao, ili watu wote wapate kuitazama.

Nasi twafundishwa nini? Jina lililobandikwa si ushuhuda. Aliyerithi kitu cha kale asikiuze upesi, asikisugue kwa sabuni, wala asichome daftari kuukuu za babu zake. Kwa maana pengine mstari mmoja wa hesabu ndio utakaorudisha jina la fundi aliyesahauliwa.