Rufani za zabuni zinavyonoa kanuni za ununuzi wa umma

MKANDARASI wa Magu mjini au Kisesa anapokosa zabuni ya kujenga madarasa au zahanati ya halmashauri, huwa na siku chache tu za kuamua kama atanyamaza au atalalamika. Mkataba ukishasainiwa, nafasi yake ya kuupinga hupungua sana.

Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma (PPAA) ilianzishwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2001. Sheria ya mwaka 2004 iliifuta Bodi Kuu ya Zabuni, ikazipa taasisi uwezo wa kununua zenyewe, na kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA).

Sheria ya mwaka 2011 ilizitaka taasisi kuwajulisha wazabuni kusudio la kutoa tuzo kabla ya mkataba kusainiwa. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka siku 7 za kazi za kulalamika. Sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, ilizipunguza kuwa 5.

Malalamiko huanzia kwa afisa masuuli, ambaye katika halmashauri ni mkurugenzi mtendaji. Mzabuni asiporidhika hukata rufani PPAA, yenye uwezo wa kubatilisha tuzo, kuamuru tathmini irudiwe au zabuni ianze upya. Baada ya hapo, njia iliyobaki ni Mahakama Kuu.

Hoja zinazojirudia katika rufani ni wazabuni kuondolewa kwa vigezo visivyokuwamo katika nyaraka za zabuni, au bila kuelezwa sababu za kushindwa. Uamuzi huwafunga wahusika wa shauri hilo, lakini maofisa ununuzi kwingineko hujifunza humo namna ya kuandika vigezo bayana na kuvifuata.

Hata hivyo, rufani ina gharama yake. Mchakato husimama, na wanafunzi au wagonjwa huendelea kusubiri jengo. Ndiyo maana sheria huweka ukomo wa muda. Nchini Kenya, bodi ya mapitio ya zabuni hutakiwa kuamua ndani ya siku 21.

Tangu mwaka 2025, malalamiko na rufani nchini huweza kuwasilishwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, hivyo mkandarasi wa Magu hufungua shauri lake bila kusafiri. Kinachobaki ni kuisoma barua ya kusudio mara aipatapo, kwani siku 5 hazimsubiri mtu.