Mpunga wa Saibara, Sauti ya Goku: Japani Ndani ya Texas

Barabara ya Mykawa, kusini-mashariki mwa Houston, haina uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Ni njia ya malori, maghala na yadi za vyuma, na reli imeandamana nayo kwa mwendo mrefu. Wengi wanaoipita kila asubuhi hawajui kwamba inabeba jina la mkulima wa mpunga. Shinpei Maekawa alikuja Marekani kwa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika St. Louis mwaka 1904, akavutiwa na ardhi ya Texas, na mwaka 1906 akarejea na wenzake kulima kusini mwa Houston. Hakukaa. Mwaka huohuo alianguka akiwa kazini, akasagwa na mtambo wa shambani. Kampuni ya reli ya Santa Fe ikakipa kituo cha jirani jina lake, likiandikwa jinsi Watexas walivyolisikia: Mykawa.

Leo mgeni anayetafuta Japani ndani ya Texas huonyeshwa mambo mengine kabisa. Huonyeshwa Bustani ya Kijapani ya Fort Worth, iliyofunguliwa mwaka 1973, au ile ya Hermann Park mjini Houston, iliyobuniwa na Ken Nakajima na kufunguliwa mwaka 1992. Vijana watamvuta hadi kwenye kumbi za mikutano ambako maelfu ya mashabiki huja wamevaa mawigi ya rangi ya samawati na kushika mapanga ya plastiki, kila mmoja akiwa mhusika wa katuni ya Kijapani anayempenda. Mtu akitazama haraka ataona mtindo wa vijana uliozuka juzi. Ukweli ni kwamba Wajapani walitangulia kufika hapa wakiwa wamekunja suruali hadi magotini, ndani ya majaruba.

Jiografia ndiyo iliyowasukuma. Japani ni visiwa vikubwa vinne, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, pamoja na maelfu ya visiwa vidogo. Vyote kwa jumla ni kilomita za mraba 378,000 hivi, karibu nusu tu ya jimbo la Texas. Tena karibu robo tatu ya nchi hiyo ni milima. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu zaidi ya milioni 45 walikuwa wakibanana kwenye mabonde na pwani, na familia ya kawaida ya wakulima ilitegemea eneo la hekta moja hivi. Serikali ya Meiji, iliyoshika hatamu mwaka 1868, ilijenga reli, viwanda na jeshi la kisasa, lakini ilidai kodi ya ardhi kwa fedha taslimu, na mzigo huo ulimwangukia mkulima. Watu wakaanza kuhama: kwanza Hawaii na California, halafu Peru, na baadaye Brazil.

Upande wa pili wa Pasifiki palikuwa na ardhi iliyokuwa ikitafuta mtu wa kuilima. Pwani ya Ghuba ya Mexico ni tambarare, mvua yake ni nyingi, na udongo wake wa mfinyanzi hushika maji. Wakulima wa ngano waliohamia Louisiana na Texas walikuwa wamekuja na mashine zao za kuvunia na pampu za mvuke. Walichokosa ni mbegu. Aina za mpunga zilizotoka Honduras na Carolina zilitoa mavuno ya wastani, na punje nyingi zilivunjika mashineni wakati wa kukoboa. Ndipo wafanyabiashara wa Houston na kampuni ya reli ya Southern Pacific walipoanza kuwatafuta Wajapani waje kufundisha. Sadatsuchi Uchida, balozi mdogo mkuu wa Japani mjini New York, aliitembelea pwani hiyo mwaka 1902 na kuisifia kwao.

Aliyeitikia kwa kishindo hakuwa mkulima wa kuzaliwa. Seito Saibara, mzaliwa wa Tosa katika kisiwa cha Shikoku, alikuwa mwanasheria, Mkristo, mbunge wa zamani, na aliyekuwa mkuu wa chuo cha Doshisha huko Kyoto. Alikuwa amekuja Connecticut kusoma teolojia. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, akaacha vitabu na kununua ekari 304 huko Webster, kati ya Houston na Galveston, mwaka 1903. Mke wake na mwanawe Kiyoaki wakamfuata mwaka uliofuata, wakiwa na mbegu aina ya Shinriki, ambayo familia ilieleza kuwa ni zawadi kutoka kwa mfalme wa Japani.

Mavuno ya kwanza yaliwashangaza majirani. Shamba la Saibara lilitoa wastani wa mapipa 34 kwa ekari, wakati mpunga wa wenyeji ulikuwa ukitoa 18 hadi 20. Kila mkulima anajua maana ya tofauti kama hiyo. Sehemu kubwa ya mavuno hayo iliuzwa kama mbegu kwa wakulima wa Texas na Louisiana, na ndiyo maana wanahistoria wengi wa jimbo humtaja Saibara miongoni mwa watu waliousimamisha mpunga wa pwani hiyo kama biashara. Wajapani wengine wakaja. Saburo Arai alianzisha kitalu cha miti huko Alvin. Kichimatsu Kishi, aliyewahi kupigana katika vita vya Japani na Urusi, alinunua ardhi mashariki mwa Beaumont mwaka 1907 na kufungua makazi ya wakulima. Baadaye mafuta yakapatikana chini ya ardhi yake, akawa mkulima na mwenye kampuni ya mafuta, kabla ya mdororo wa uchumi kumnyang'anya karibu vyote.

Texas iliipokea mbegu kwa mikono miwili. Mwenye mbegu ilimkataa. Saibara alitaka kuwa raia wa Marekani. Hakuwa amekuja kuchuma na kuondoka. Lakini sheria ya uraia ya wakati huo iliwaruhusu wahamiaji weupe, na tangu mwaka 1870 watu wenye asili ya Afrika pia; Waasia hawakuwamo. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilifunga mlango huo rasmi katika kesi ya Takao Ozawa, na mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ikakata kabisa safari za Wajapani. Texas yenyewe ilikuwa imepitisha mwaka 1921 sheria ya kuwazuia wageni wasioweza kupata uraia wasimiliki ardhi. Arai ndiye aliyekwenda kuwabembeleza wabunge, na waliokuwa tayari wakiishi jimboni wakasamehewa. Saibara alikata tamaa akahamia Brazil kujaribu tena. Alirudi Webster uzeeni na kufariki mwaka 1939, akiwa bado mgeni mbele ya sheria.

Kisha likaja shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, na vita na Marekani. Wajapani wa Texas walikuwa wachache, na hawakuzolewa kwa pamoja kama watu wapatao 120,000 wa pwani ya Pasifiki. Hata hivyo baadhi yao, Kishi akiwemo, walikamatwa na kuhojiwa. Na Texas ikawa mahali pa kuwafungia wengine. Huko Seagoville, kusini-mashariki mwa Dallas, jengo lililojengwa kuwa gereza la wanawake lilizungushiwa uzio na kuwekewa familia za Wajapani, Wajerumani na Waitalia. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa California waliokuwa na kosa moja tu, kufundisha Kijapani, na watu waliochukuliwa Peru na nchi nyingine za Amerika ya Kusini na kuletwa kwa nguvu katika nchi ambayo hawakuomba kuingia.

Oktoba 1944, katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, Wajerumani walikizingira kikosi cha askari wa Texas. Waliotumwa kukiokoa walikuwa Kikosi cha 442, yaani Wamarekani wenye asili ya Japani, baadhi wakiwa na wazazi kambini. Waliwatoa askari 211. Kwa kazi hiyo na mapigano ya siku hizo kikosi hicho kilipata majeruhi na vifo takriban 800. Miaka ya 1960 gavana John Connally aliwatangaza askari hao kuwa Watexas wa heshima. Kufikia hapo sheria ya mwaka 1952 ilikuwa imekwisha kuwafungulia Wajapani njia ya uraia, na Kiyoaki Saibara alikuwa miongoni mwa walioipita. Aliingia Texas akiwa kijana wa miaka 20. Alisubiri karibu nusu karne.

Webster ikabadilika. Mwaka 1961 serikali ilichagua eneo la Clear Lake, jirani kabisa, kujenga kituo cha wanaanga ambacho leo kinaitwa Johnson Space Center. Mashamba yakawa nyumba, hoteli na maegesho. Wajapani waliofika baada ya hapo walikuwa wahandisi, wafanyabiashara wa mafuta na, baadaye, wanaanga waliokuja kufanya mazoezi.

Pembeni ya hayo yote, biashara nyingine ilikuwa ikichipuka ndani ya vyumba vya vijana. Katuni ya Kijapani kuhusu manowari ya anga, Yamato, ilikuwa imeonyeshwa kwenye televisheni za Marekani tangu mwaka 1979 kwa jina la Star Blazers, na mashabiki wake mjini Dallas waliipenda kiasi cha kuandaa mkutano wao mwaka 1983, mmoja wa mikutano ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Walibadilishana mikanda iliyonakiliwa mara nyingi hadi picha zikafifia. Mwaka 1990 ukaanza mkutano wa A-Kon, hapohapo Dallas, ukihudhuriwa na mamia tu. Ungali ukifanyika.

Huko Houston, mwaka 1992, John Ledford na Matt Greenfield walianzisha A.D. Vision, iliyojulikana zaidi kama ADV. Walinunua haki za katuni kutoka Tokyo, wakatafuta waigizaji wa majukwaani wa mji huo na kuwaingiza studio. Neon Genesis Evangelion, kazi ya Hideaki Anno iliyotikisa Japani mwaka 1995 kwa kuwaonyesha marubani wa mitambo mikubwa kuwa watoto wenye majeraha ya moyo, ilipata sauti zake za kwanza za Kiingereza Houston. Kampuni ilipanuka haraka kuliko mfuko wake, ikauzwa vipandevipande mwaka 2009; Sentai Filmworks, iliyozaliwa palepale, ikaendelea na kazi.

Upande wa Fort Worth mtaji ulitoka mahali ambapo hakuna ambaye angepatarajia. Gen Fukunaga, mhandisi mzaliwa wa Japani, alikuwa na mjomba aliyefanya kazi Toei, kampuni iliyotengeneza Dragon Ball kutokana na michoro ya Akira Toriyama. Mjomba alimwahidi haki za katuni hiyo iwapo atapata fedha. Fukunaga akamgeukia Daniel Cocanougher, ambaye familia yake ilimiliki kinu cha chakula cha mifugo huko Decatur, kaskazini mwa Fort Worth. Kinu kikauzwa, na mwaka 1994 Funimation ikazaliwa. Sauti za mwanzo zilirekodiwa Canada. Mwaka 1999 kazi ikahamishiwa Texas ili kupunguza gharama. Sean Schemmel akawa sauti ya mhusika Goku, Christopher Sabat ya Vegeta. Mtu wa Mombasa au Mwanza aliyeitazama Dragon Ball Z kwa Kiingereza, sauti alizozoea nyingi zilitoka vibanda vya studio vya kaskazini mwa Texas.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana ufundi huu. Lufufu aliwatafsiria Watanzania filamu za kigeni hadi watu wakaenda kibanda umiza kwa ajili ya sauti yake. DJ Afro amefanya hivyo Kenya, VJ Jingo Kampala. Wao husimulia juu ya filamu, wakiongeza vichekesho na maoni. Mwigizaji wa Texas hana uhuru huo. Husimama peke yake ndani ya chumba kisichopitisha sauti, macho kwenye skrini. Husikia milio mitatu, na mahali ambapo ungelia wa nne ndipo huanza kusema. Kabla yake mwandishi ameshapindua sentensi, kwa kuwa Kijapani huweka kitenzi mwisho na mdomo wa mhusika hufunguka na kufungwa bila kujali Kiingereza. Zamani shabiki alisubiri mwaka au zaidi. Mwaka 2014 Funimation ilianza kutoa sauti za Kiingereza wiki chache tu baada ya katuni kuonyeshwa Tokyo.

Fedha zikafuata. Sony ilinunua sehemu kubwa ya Funimation mwaka 2017 kwa dola milioni 143, mwaka uleule Toyota ilipofungua makao yake makuu ya Amerika Kaskazini huko Plano. Mwaka 2021 Sony ikanunua pia Crunchyroll, mtandao wa kuonyesha katuni za Kijapani, kwa zaidi ya dola bilioni moja, na mwaka uliofuata jina la Funimation likaanza kufutwa. Kazi ya sauti ilibaki eneo la Dallas.

Siri mojawapo ya Texas tangu mwanzo ilikuwa unafuu wa ujira: kazi nyingi za sauti hapa hufanyika nje ya mikataba ya vyama vya waigizaji. Si haki kusifia ufundi na kunyamazia hilo. Septemba 2022 Kyle McCarley, aliyekuwa sauti ya mhusika mkuu wa Mob Psycho 100, alitangaza kwamba alikuwa tayari kufanya msimu wa tatu kwa masharti ya kampuni, mradi tu Crunchyroll ikubali kukutana na chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA kuzungumzia kazi za baadaye. Hawakuelewana. Kampuni ilisema utayarishaji utafanyika katika studio zake za Dallas, na msimu ukatoka vuli hiyo ukiwa na mwigizaji mwingine.