Lilinga Kabla ya Boma: Kupanga Ziara ya Iringa, Nchi ya Ulanzi

Maelezo mengi wanayopewa wageni wanaokusudia kuzuru Iringa huanza na kauli moja isiyobadilika, kwamba mji huo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896. Kwa kuwa mpango wa ziara hufuata maelezo, mgeni huanzia Boma, jengo la enzi ya Wajerumani lililojengwa kuwa hospitali, likaja kuwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho, huku Kalenga ikiachiwa saa mbili za alasiri endapo usafiri utapatikana. Kauli hiyo inataja kwa usahihi mwaka ambao kituo cha kijeshi kilijengwa juu ya kilima ulipo mji wa sasa. Kosa lake ni kuuhesabu umri wa mji kwa umri wa kituo, na mgeni anayeipokea bila kuihoji huiona Iringa kuanzia mkiani.

Ushahidi wa kwanza umo katika jina lenyewe. Katika Kihehe, lilinga ni ngome, yaani makao yaliyozungushiwa ukuta wa kujihami, na ndilo neno lililotamkwa na wageni mpaka likawa Iringa. Ngome iliyoitwa hivyo ilikuwa Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kilomita zipatazo 15 kutoka mji wa leo, ambako Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa, kwa jina kamili Mkwavinyika wa Munyigumba Mwamuyinga, alijenga ukuta wa mawe na kuweka makao makuu ya dola ya Wahehe. Ushahidi wa pili umo katika maandishi ya Wajerumani wenyewe, walioita kituo chao Neu-Iringa, maana yake Iringa Mpya. Anayeuita mji mpya amekwisha kukiri kwamba upo wa zamani. Kwa hiyo kilichofanyika mwaka 1896 kilikuwa kuhamisha jina, kulitoa mahali liliposhindwa kwa mizinga na kulipandisha kilimani chini ya bendera nyingine.

Chanzo kimoja kinachostahili kusomwa upya kuhusu uhamisho huo ni kitabu cha kumbukumbu za Magdalene von Prince, mke wa ofisa Tom von Prince ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1903. Mwandishi huyo aliishi Iringa Mpya katika miaka ambayo mumewe alikuwa akimsaka Mkwawa, na ingawa aliandika kwa macho ya mtawala, aliandika akiwa ndani ya mji uliokuwa ukijengwa wakati nchi yenyewe ilikuwa bado haijashindwa. Msomaji wa Kitanzania ana haki ya kukataa hukumu za kitabu hicho, lakini hana sababu ya kukiacha mikononi mwa wasomaji wa Kijerumani peke yao, kwa kuwa miezi inayosimuliwa humo ndiyo miezi ya Mpangile, ndugu wa Mkwawa kwa baba, aliyewekwa na Wajerumani kuwa mtawala mwishoni mwa 1896 na kunyongwa na Wajerumani haohao mwanzoni mwa 1897 kwa tuhuma ya kumsaidia nduguye kwa siri. Mji ambao historia yake inasemekana kuanza na ujenzi wa amani ulianza, kwa kweli, na kitanzi.

Yaliyotangulia hapo yanajulikana vyema. Munyigumba aliunganisha koo za Uhehe, akafariki mwishoni mwa miaka ya 1870, na mwanawe akashika utawala baada ya ugomvi wa urithi na vita na Wangoni. Kinachomhusu zaidi anayepanga safari ni mwaka 1891 na miaka saba iliyofuata, kwa maana maeneo matatu ya kuzuru, Lugalo, Kalenga na Mlambalasi, ni sura tatu za kisa kimoja, nayo husomeka vizuri yakifuatwa kwa mpangilio wa matukio.

Lugalo iko mashariki ya mji, karibu na barabara kuu itokayo Morogoro, hivyo msafiri atokaye Dar es Salaam huipita kabla hajafika Iringa, mara nyingi bila kujua. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilichokuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi na mizinga kilishambuliwa na Wahehe waliojificha kandokando ya njia, na katika muda mfupi sana wakauawa Wazungu 10, askari wapatao 250 na wapagazi 96, Zelewski mwenyewe akiwa miongoni mwao. Masimulizi ya Wahehe husema kwamba kabla ya vita Mkwawa alituma wajumbe, nao wakapigwa risasi. Waandishi wa kikoloni walipenda kulieleza pambano hilo kama ajali, wakiulaumu uzembe wa kamanda na kutopeleka wapelelezi mbele ya msafara. Maelezo hayo hayaridhishi, kwa sababu uzembe wa mmoja hauelezi nidhamu ya maelfu waliolala majanini kimya, wakiwa na mikuki na ngao, wakingoja safu ndefu iingie yote. Mnara uliosimama Lugalo uliwekwa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa. Anayefika hapo hana budi kuwaona pia wale ambao mnara huo haukujengwa kwa ajili yao, wakiwamo askari wenyewe, wengi wao wakiwa wameandikishwa kutoka Sudan na Msumbiji, waliofia vita isiyowahusu.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, jeshi lililoongozwa na Gavana Friedrich von Schele liliishambulia Kalenga kwa mizinga na kuiteka, Tom von Prince akiwa miongoni mwa waliotangulia kuingia. Ukuta ulianguka, lakini Mkwawa alitoka, na kwa miaka karibu minne akapigana vita vya kuvizia, akilishwa na kufichwa na watu wake ingawa Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajini Merkl aliyemfikia alimkata kichwa, na mwili ukazikwa bila kichwa mahali hapohapo, penye kaburi hadi leo. Jirani na kaburi kuna pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamefukua mabaki ya binadamu wa maelfu ya miaka iliyopita, hata ikawa mahali pamoja pameshika wafu wa nyakati mbili zisizojuana.

Mgogoro unaostahili subira kuliko yote ni ule wa fuvu la Mkwawa, lililoaminika kuwa limepelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtawala wa Kiingereza Horace Byatt alishauri London idai fuvu hilo, ili Wahehe wapate haki yao na pia, ni lazima lisemwe, ili utawala mpya upendwe nao. Hivyo likaingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, ibara ileile inayodai msahafu wa Khalifa Othman urudishwe kwa mfalme wa Hijazi, na Ujerumani ikapewa miezi sita. Serikali ya Ujerumani ilijibu kwamba fuvu halijulikani liliko, na jambo likalala kwa zaidi ya miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua: mwaka 1953 alikwenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi yaliyokusanywa kutoka makoloni, na kwa kutumia vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, pamoja na tundu la risasi, lilichaguliwa moja. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Wapo wanaosema kwamba vipimo vya kichwa haviwezi kumtambulisha mtu mmoja, na hoja hiyo ni sahihi, kwani elimu hiyo ya kupima mafuvu ilikuwa dhaifu, tena ilizaliwa na fikra zilezile za ubaguzi zilizoyajaza makabati ya Bremen. Wapo pia wanaosema kwamba Twining alitafuta utiifu wa Wahehe wakati Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau, na hilo nalo lina mantiki. Lakini wanaokwenda mbele zaidi na kuamua kwamba, kwa hiyo, makumbusho ya Kalenga hayana kitu, wanakosea kipimo. Fuvu lililomo ndani ya kasha la kioo lilipokewa na ukoo, na kwa miaka zaidi ya 70 limekuwa mahali ambapo wajukuu husimama mbele ya babu. Hata kama siku moja maabara itaonyesha kuwa lilikuwa la mtu mwingine, mtu huyo naye atakuwa Mwafrika aliyekatwa kichwa na kupelekwa ng'ambo, na atakuwa ameheshimiwa mahali pa heshima. Hukumu hiyo waachiwe wenye maiti.

Kuhusu nyakati nyingine, yatosha kutaja Isimila, kilomita zipatazo 20 kwenye barabara ya Mbeya, ambako zana za mawe zilifukuliwa mwaka 1957 na 1958 katika korongo lenye nguzo ndefu za udongo, na enzi ya Waingereza na walowezi wa tumbaku, wakiwamo Wagiriki, iliyoacha majengo kuliko kumbukumbu. Mwenye siku za ziada na aendelee mpaka Mbeya, si kwa ajili ya mji wenyewe, uliokua kwa dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930, ila kwa ajili ya upande wa pili wa kisa hiki. Merere, mtawala wa Wasangu, alisukumwa na Wahehe kutoka nchi yake ya Usangu hadi Usafwa, upande wa Mbeya, naye akashirikiana na Wajerumani ili arudi. Ndiyo maana Utengule, makao ya Merere, ziko mbili, moja Usangu, katika Wilaya ya Mbarali ya leo, na nyingine karibu na Mbalizi. Wanaomsifu Mkwawa mara nyingi humwita Merere msaliti. Neno hilo ni jepesi mno kwa watu waliofukuzwa kwao, na ushujaa wa Lugalo haupungui kitu kwa kukubali kwamba dola ya Wahehe nayo ilikuwa na majirani iliowaumiza.

Baada ya mahali, wakati, na wakati wa kuzuru hupangwa na kinywaji cha nchi hii. Tanzania ina nchi mbili zinazoweza kuitwa za mvinyo. Ya kwanza ni Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu yaliyoenezwa na wamisionari wa Kikatoliki tangu Bihawana. Ya pili ni Iringa na Njombe, nchi ya ulanzi, kinywaji kitokanacho na utomvu wa mwanzi. Ulanzi huwekwa kwenye kundi la pombe za kienyeji pamoja na komoni ya mahindi, au kimpumu ya ulezi inywewayo na Wanyakyusa wa upande wa Mbeya, ilhali haupikwi wala hauna nafaka. Hugemwa kama tembo la mnazi la pwani, na huchacha wenyewe, hivyo jirani yake wa karibu ni mvinyo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chipukizi la mwanzi likiwa bado laini, mgemaji hulikata ncha, kisha hufunga chini ya jeraha mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu kilichoachwa pingili kuwa kitako chake, na asubuhi na jioni hurudi kulichonga tena kwa kisu kikali, tabaka jembamba kama karatasi, ili utomvu usizibe. Unaokingwa asubuhi na kunywewa mapema huitwa mtogwa, nao ni mtamu, mweupe kama maji ya mchele, na haulevyi sana. Ukikaa siku moja au mbili huwa mkangafu, mkali na mchachu, unaouzwa kwa kopo na kwa lita vilabuni. Wanywaji hulalamikia wauzaji wanaoongeza maji na sukari, kwa hiyo anayetaka kuujua ulanzi na aende shambani, afike kabla jua halijapanda.

Lakini utomvu hutoka katika majira ya mvua tu, takriban Januari hadi Aprili, na hapo ndipo mpango wa ziara hupata ugumu wake. Tarehe kuu za historia ya Iringa ni za kiangazi: Juni 19, Julai 19, Agosti 17, Oktoba 30. Kwa tatu za mwisho halikuwa jambo la bahati, kwani majeshi na misafara ya wapagazi ilisubiri mito ipungue na majani yakauke ndipo itembee, na msako wa Mkwawa nao ulifungwa na majira hayo. Anayekuja kiangazi atafika Mlambalasi kwa urahisi, atahudhuria kumbukumbu za ukoo zikifanyika, na atakuta mbeta zimetundikwa tupu. Anayekuja Februari atakunywa mtogwa wa asubuhi, lakini barabara za udongo zinaweza kumrudisha njiani.

Wakati wa kupendekeza ni mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mvua zinapokoma. Msafiri ashuke Lugalo akiwa njiani, alale mjini, na asubuhi ya kwanza aende Kalenga badala ya Boma. Siku ya pili iwe ya Mlambalasi, ya tatu ya Boma na mitaa ya kilimani, wakati atakapokuwa anajua jina la mji limetoka wapi. Wiki hizo mianzi bado hutoa kidogo, matone yakiwa mazito na machache, na wagemaji huchonga mara ya mwisho kabla ya kuyaacha machipukizi yakauke.